Ngazi ya Ndege na Goti la Mama

Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na tisa, na kazi hiyo imeniachia ugonjwa mmoja: siamini karatasi iliyowekwa dole gumba. Nimeona mzee aliyeuza shamba akidhani anaandikisha mbolea ya ruzuku. Nimemwona mjane aliyekiri kwa dole lake kwamba marehemu mumewe hakuacha ng'ombe hata mmoja, na zizi lilikuwa limejaa. Ndiyo maana jioni ile, nilipokuwa namnawisha mama mikono ili ale, nikaona dole gumba lake la kushoto lina wino wa zambarau, nilisahau kuinua birika na maji yakaenda yote mkekani.

"Mama, hii ni nini?"

"Ya begi," akasema. "Kuna kijana wa ndege ameleta begi langu. Kijana mzuri. Ameleta na ndizi."

Mama anaishi Butiama. Sisi watoto wake tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume anayeuza vipuri vya pikipiki Bunda. Mwaka ule jicho la kulia la mama lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, na mdogo wangu ndiye aliyempeleka Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji. Daktari aliposema si vizuri mgonjwa akae kwenye basi kutwa nzima na jicho bado bichi, mdogo wangu akamkatia tiketi ya ndege mpaka Mwanza. Akamsindikiza uwanjani, yeye akabaki Dar kununua bidhaa za duka. Mimi nikakodi gari dogo Musoma, nikaenda kumpokea.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Abiria walitoka mmoja mmoja wakivuta mabegi, mama simwoni. Mwishowe akaja mfanyakazi mmoja mwenye kizibao cha kung'aa, akauliza nani amekuja kumpokea bibi aliyevaa kitenge cha bluu.

"Amejikwaa kidogo," akasema. "Anapewa huduma ya kwanza."

Neno hilo "kidogo" lilinitia hofu kuliko angesema ameanguka. Katika mashauri yetu ya kupigana, kila mshtakiwa alimsukuma mwenzake kidogo.

Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, goti limevimba mpaka kitenge kimekaza. "Kuna kitu kimenivuta mguu," akaniambia. "Mimi siangukagi, unanijua." Kando yake alisimama abiria mwenzake, mama wa makamo ambaye alikuwa amemshikia mkoba. Huyo akaniinamia sikioni: "Ngazi ya tatu kutoka chini, mpira wake umebanduka. Hata mimi ulinivua kiatu. Wahi upige picha."

Niliwahi, lakini askari wa mlangoni alinizuia, akasema eneo lile si la wasindikizaji. Kupitia kioo niliona ile ngazi yenye magurudumu inasukumwa kwenda mbali. Labda ndivyo wanavyofanya kila siku ndege ikishatua. Mimi nilijiuliza kwa nini wana haraka. Nikachukua namba ya simu ya yule mama, aliyesema ana duka la vitenge hapohapo Mwanza, nikaiandika nyuma ya kipande cha tiketi ya mama na kukikunja ndani ya kitambulisho changu.

Hospitalini walisema pia ya goti imepasuka. Mama akafungwa hogo, ile bandeji ngumu ya plasta, kuanzia pajani hadi karibu na kifundo. Begi lake halikuonekana siku hiyo, tukaambiwa litafuata. Kumpeleka Butiama haikuwezekana, maana choo chake kiko nje na hufikiwa kwa kupanda mawe. Nikamleta kwangu, mtaa wa Nyasho, Musoma.

Sasa siku ya tano, mimi nikiwa kazini, begi lilikuwa limefuata. Nilikaa chini mbele ya mama, ugali wa muhogo na sato vinapoa, nikaanza kumhoji kama shahidi.

"Huyo kijana aliijuaje nyumba?"

"Sijui. Alipiga hodi, akaniita jina langu la nyumbani."

Jina hilo halimo kwenye tiketi wala kwenye kitambulisho. Mama huitwa hivyo na watu wa Butiama waliokua naye. Musoma nzima sidhani kama watu watano wanalijua.

"Alikusomea karatasi?"

"Alisoma. Kiingereza. Akasema ni ya begi."

"Kurasa ngapi?"

"Mbili. Au ilikuwa moja, akaigeuza." Akanitazama. "Mwanangu, begi si limefika? Hata khanga zangu zimo zote. Hebu tule."

Tulikula. Usingizi ukawa wa shida. Aliyekuwa akishinda na mama mchana ni jirani yangu, mwanamke anayekaanga dagaa na kuuza mbele ya nyumba yake. Alikuwa anamletea uji, anamsaidia kwenda msalani, na siku ile ndiye aliyemfungulia mgeni mlango. Wiki hiyohiyo nilimwona ana simu mpya, kubwa. Nikaunganisha. Simu mpya, mlango kufunguliwa, jina la nyumbani ambalo bila shaka mama alikuwa amemtajia wakipiga soga. Sikumwuliza neno. Nilimwambia tu kwamba nimepata binti wa ukoo wa kukaa na mama, asijisumbue tena.

Akageuza dagaa kwa kijiko cha kukaangia. "Sawa, dada," akasema.

Wiki iliyofuata simu ya mama iliita. Ni yule kijana, anaomba kuja kukamilisha utaratibu. Nikaomba ruhusa kazini, nikamngoja.

Alikuja saa nne asubuhi. Miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alileta machungwa. Akamshikia mama magongo alipotaka kuketi vizuri. Kila alichokifanya kilikuwa cha adabu, na kila adabu ilinizidishia shaka.

"Shikamoo, mama. Goti linaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Linawashaga humu ndani, najikuna na njiti ya ufagio."

Akacheka, kisha akatoa bahasha. "Kampuni imeguswa sana. Imekubali kulipa gharama zote za hospitali mpaka leo. Ni kuweka sahihi tu hapa na hapa."

"Mpaka leo," nikasema. "Na kesho? Hogo halijafunguliwa."

"Dada, tuanze na hili kwanza."

Nilichukua zile karatasi nikazisoma polepole. Kiingereza changu ni cha mahakamani, hakina haraka, lakini hufika. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba kwa malipo hayo, abiria na warithi wake hawatadai tena chochote, popote, kwa yeyote, kuhusu safari ile.

"Hapa mama anasamehe kila kitu," nikasema.

"Ni lugha ya kawaida ya kisheria."

"Mimi nafanya kazi mahakamani."

Akashika kola ya shati lake. Kisha akasema kwa upole uleule, "Basi utanielewa, dada. Tukifuata sheria yenyewe, mama ataumia zaidi. Yeye ana historia ya macho. Alisafiri siku chache baada ya upasuaji na sisi hatukuambiwa. Tungemwandalia kiti na mtu wa kumshika mkono. Abiria asipojali usalama wake, lawama inamrudia."

Macho! Nilimgeukia mama.

"Mimi sikumwambia," mama akasema. "Na jicho langu linaona. Naona hata hiyo kola yako, baba, uzi umechomoka."

Kijana akashusha mkono. Nikamwambia mama hataweka sahihi, na kwamba kabla hatujazungumza neno lingine nataka nakala ya ile karatasi aliyowekewa dole siku ya begi. Akasema iko ofisini Mwanza. Nikasema basi na hii ikakae nayo hukohuko. Akaaga vizuri. Machungwa akayaacha.

Siku mbili baadaye picha ya karatasi iliingia kwenye simu yangu. Sehemu ya juu ilikuwa ya begi kweli: limepokelewa, liko katika hali nzuri, mpokeaji hana lalamiko. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maelezo mengine. Kwamba abiria anaendelea vizuri. Kwamba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho kabla ya safari. Kwamba alikosea mwenyewe kukanyaga ngazi. Kwamba hana malalamiko dhidi ya kampuni. Na chini kabisa, dole la mama yangu, limekolea kila mstari.

Mambo ya jicho, mbali na madaktari, yalijulikana kwa watu watatu tu: mama, mimi na mdogo wangu. Jumamosi nikapanda gari kwenda Bunda. Njia nzima nilikuwa naandaa maswali, kama hakimu, na jibu nilikuwa nimeshajiandikia: amepewa kitu.

Nilimkuta dukani anafunga mnyororo kwenye pikipiki ya mteja. Nikangoja mteja aondoke, nikamwekea simu mbele ya uso.

"Nani aliwaambia habari za jicho?"

Alisoma, mikono yake yenye grisi ikiwa juu isiguse kioo. Hakukana.

"Niliwapigia mimi," akasema. "Siku ileile aliyoanguka. Niliwapigia kwa hasira, nikawatukana. Wakaniunganisha na huyo jamaa. Akaniuliza, wakati wa kukata tiketi kuna mahali panauliza kama abiria anahitaji msaada. Uliweka nini?"

"Na uliweka nini?" nikauliza.

"Hapana. Niliweka hapana. Nilikuwa na haraka, na nilifikiri ukisema ndiyo wanaongeza nauli." Akajifuta mikono na tambara, akaendelea kujifuta hata grisi ilipokwisha. "Akasema basi aliyekata tiketi ndiye mwenye kosa la kwanza. Lakini wao hawana nia ya kunisumbua, mambo yaishe kifamilia. Akauliza mama amefikia wapi, anaitwaje nyumbani, ili asimtishe. Nikamwambia yote. Nilitaka yaishe kabla hujajua."

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akijitetea. Badala yake alisimama pale kama zamani alipovunja chungu cha maziwa, bega moja limeshuka. Ningeweza kuondoka hapo na mambo yakawa mepesi. Lakini ule ugonjwa wangu haukuniachia.

"Walikupa nini?" nikauliza.

"Unasemaje?"

"Nauliza walikupa nini."

"Dada," akasema, "mimi? Mama yangu?" Akaingia nyuma ya duka, hakutoka. Nilingoja kidogo, kisha nikatembea hadi stendi. Hatukuagana.

Mahakama yetu huwa na mashauri ya mipaka, mirathi, talaka na wizi wa mifugo. Habari za ndege hazijawahi kufika kaunta yangu. Nikaenda kwa wakili mmoja wa kike mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na soko la Musoma. Nilimpa kila kitu, akasoma picha ya lile dole mara mbili, akavua miwani.

"Sheria ya usafirishaji kwa ndege si kama mnavyofikiri," akasema. "Abiria akiumia ndani ya ndege kwa ajali, au akiwa anapanda, au akiwa anashuka, mwenye ndege anawajibika. Ngazi ni kushuka. Si kazi ya mama yako kuthibitisha kwamba walizembea."

"Na jicho?"

"Wanaweza kusema alichangia ajali yake. Lakini hilo ni lao kulithibitisha, na wakilithibitisha linapunguza tu sehemu aliyochangia. Na mdogo wako kuweka hapana kwenye fomu hakubandui mpira wa ngazi."

Nikamwuliza kuhusu masharti yaliyoandikwa kwenye tiketi. Akasema sharti lolote la tiketi linalompa abiria haki pungufu kuliko sheria ni wino wa bure. Nikamwuliza kuhusu dole. Hapo akavaa tena miwani.

"Sehemu ya begi imekwisha. Mizigo ina mambo yake: ukipokea begi bila kulalamika kwa maandishi ndani ya siku chache, inachukuliwa limefika salama. Na lilifika salama. Hii ya chini ndiyo wameichomeka. Haijasema amesamehe, ila itatusumbua. Ni vizuri hukumwacha aweke dole la pili." Kisha akaniambia jambo lililonifanya nitazame sakafu: "Namtaka mdogo wako. Aeleze kwa maandishi alivyopigiwa hesabu kwenye simu. Bila yeye, hawa watasema mama mwenyewe ndiye aliyetoa habari zote."

Sikuwa na uso wa kumpigia. Nilimtumia ujumbe, maneno machache, nimeyaandika na kuyafuta sijui mara ngapi. Hakujibu. Jumatatu asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya wakili kabla yangu, helmeti mapajani, suruali imejaa vumbi la njia. Alitoa maelezo yake yote, hata yale ya kuogopa nauli, bila kuyapunguza. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni na nilimsikia akisema, "Dada yangu hakuwa anajua lolote." Tulipotoka alikwenda Nyasho kumwona mama, na mimi nilikwenda kazini.

Yule mama wa vitenge nilimpata kwa namba niliyoiandika. Alisema anaikumbuka ile ngazi, kisigino cha kiatu chake mpaka leo kimelegea, na akaandika maelezo kwa mkono wake, kurasa mbili zenye herufi kubwa.

Barua zilienda na kurudi kwa miezi. Ya kwanza ya kampuni ilikuwa yote ya jicho. Wakili akajibu kwa cheti cha daktari kilichosema siku ya safari jicho lilikuwa tayari linaona vizuri. Ya pili ikauliza ni nani huyo abiria mwenye kiatu. Wakapelekewa maelezo yake. Wakati huo hogo lilifunguliwa, mguu ukatoka mwembamba na mweupe kwa magamba ya ngozi, na mama akaanza mazoezi ya kuukunja. Alikuwa akilia wakati wa mazoezi na kuchekesha watu baada ya mazoezi.

Katika miezi hiyo nikajua pia habari za ile simu ya jirani. Ilinunuliwa na mwanawe aliyeko machimboni, kila mtu mtaani alijua isipokuwa mimi. Nilipokwenda kumwomba radhi nikakuta nyumba imefungwa. Amekwenda Nyamuswa kumwuguza mama yake. Nikamfuata hukohuko. Tuliketi uani kwao, nikamweleza kila kitu, jinsi nilivyomshuku na kwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ningekuambia."

Akanipa chai, tukazungumza habari za wagonjwa wetu. Amerudi Nyasho sasa na huwa tunasalimiana vizuri. Lakini jikoni kwangu hajaingia tena, na dagaa akinifungia hunifungia sawasawa na wateja wengine.

Barua ya tano ndiyo iliyokuja na sauti nyingine. Kampuni, bila kukiri kosa, ilikuwa tayari kulipia matibabu mpaka mwisho, pamoja na mazoezi, na kumlipa mama fidia ya maumivu. Wakili akasema ni haki, si zawadi, na akataka karatasi iandikwe kwa Kiswahili.

Kijana yuleyule ndiye aliyeileta, Butiama safari hii, maana mama alikuwa amesharudi kwake. Tulikuwa sebuleni watano: mama, wakili, kijana, mdogo wangu na mimi. Wakili alisoma kila kipengele, na mdogo wangu akakirudia kwa Kizanaki, kwa sababu mama alisema mambo ya mguu wake anayaelewa vizuri kwa lugha aliyojifunzia kutembea. Ilipomalizika, kijana akamsogezea wino wa kuwekea dole.

"Ngoja," mama akasema. "Na ile ngazi, mmeitengeneza?"

Kijana akasema hilo ni la idara nyingine.

"Basi waulize."

"Sasa hivi, mama?"

"Mimi sina safari."

Akatoka nje na simu. Nilisogea dirishani nikamtazama. Alitembea hadi kwenye ua wa minyaa, simu sikioni, midomo inacheza, mkono mmoja unaeleza kitu hewani. Kama upande wa pili kulikuwa na mtu, sijui mpaka leo. Akarudi, akasema ile ngazi imeondolewa, imeletwa nyingine. Mama akamtazama machoni, kwa jicho lile jipya na lile la zamani, kisha akaweka dole lake kwenye karatasi, akaagiza vijana wote wawili, wa kwake na wa ndege, wasiondoke kabla ya kula.

Goti halijarudi kuwa lile la kwanza. Hukunjika nusu tu. Kanisani wenzake wakipiga magoti yeye hubaki ameketi mwisho wa benchi, mguu ameunyoosha njiani, na watoto huuruka wakienda mbele. Mdogo wangu humleta Musoma kliniki kila inapohitajika, na siku hizi akimaliza hupita kwangu, hukaa, huomba maji. Juzi alikaa mpaka chakula kikaiva. Tulikula pamoja, tukazungumza bei ya mahindi na mvua zilizochelewa, na alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani.